Ombi Moja, Vivinjari Vinne: Historia ya XMLHttpRequest

Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, mtu aliyesoma barua pepe zake kupitia kivinjari alikuwa na kazi ya kusubiri. Akibofya barua, ukurasa mzima ulifutika, skrini ikabaki nyeupe, kisha kila kitu kikachorwa upya: nembo, menyu, orodha ya barua, na mwisho kabisa yale maneno machache aliyoyataka. Akirudi kwenye orodha, mambo yalikuwa yale yale. Wavuti aliobuni Tim Berners-Lee kule CERN, Geneva, ulijengwa kwa ajili ya kusoma nyaraka, na waraka huombwa mzima ukaletwa mzima.

Waliochoshwa zaidi na hali hiyo walikuwa Redmond, jimbo la Washington, ndani ya Microsoft. Timu ya Exchange ilikuwa ikitayarisha toleo jipya la Outlook Web Access, yaani njia ya kusoma barua za ofisini bila kuwa na programu ya Outlook kwenye kompyuta. Mmoja wao, Alex Hopmann, aliandika kipande kidogo cha programu kilichouwezesha ukurasa uliokwisha kufunguka kutuma ombi kwa seva chinichini, ukaendelea na shughuli zake, kisha ukalipokea jibu wakati wowote litakapofika. Wakati huo Internet Explorer 5 ilikuwa imekaribia kutoka na nafasi ya kuongeza vitu vipya ilikuwa inafungwa. Upenyo ukapatikana katika MSXML, maktaba ya kusomea mafaili ya XML iliyosafirishwa pamoja na kivinjari. Kipande kile kikaingizwa humo kwa jina la XMLHTTP. Hopmann mwenyewe alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba XML ilikuwa kisingizio tu cha kupata nafasi. Kazi halisi ilikuwa kutuma ombi la HTTP, na jibu lingeweza kuwa maandishi ya aina yoyote. Internet Explorer 5 ikatoka Machi 1999 ikiwa nayo.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kabla yao. Waandishi wa kurasa walikuwa wamezoea kuficha fremu isiyoonekana pembeni mwa ukurasa, wakapakia ndani yake ukurasa mwingine, kisha wakachota yaliyomo. Microsoft ilikuwa pia na mbinu iliyotumia kijiprogramu cha Java kama mjumbe. Njia hizo zilifika, lakini kwa taabu: kitufe cha kurudi nyuma kilivurugika, na fremu iliposhindwa kupakia hakuna aliyejulishwa. XMLHTTP ilikuja na kitu ambacho mbinu hizo hazikuwa nacho, yaani namba za kueleza ombi limefika hatua gani na seva imejibu nini. Kwa mtu anayetafuta hitilafu, namba hizo ndizo macho yake.

Lakini ilikuja pia na kasoro ya kuzaliwa. Ilikuwa kipengele cha ActiveX, teknolojia ya Windows peke yake, na ukurasa uliokitumia haukufanya kazi kwenye Mac, kwenye Linux, wala kwenye Netscape.

Wa kwanza kuiga walikuwa watu wa Mozilla, mradi uliotokana na uamuzi wa Netscape wa kufungua msimbo wake kwa umma mwaka 1998. Waliandika chao, wakakiita XMLHttpRequest, na wakakiweka ndani ya JavaScript moja kwa moja bila ActiveX. Kilianza kuonekana katika toleo la 0.6 mwishoni mwa mwaka 2000, kikakomaa katika Mozilla 1.0 ya Juni 2002. Apple wakakiongeza katika Safari 1.2, Februari 2004. Opera ya Norway ikafuata kwa Opera 8, Aprili 2005.

Hapa ndipo chanzo cha matatizo yote yaliyofuata. Hapakuwa na waraka wowote wa kiwango wa kuwaongoza. Kila timu ilikaa mbele ya Internet Explorer, ikatuma ombi, ikatazama kinachotokea, halafu ikaandika kitu kinachofanana nacho. Mambo ya kila siku yalilingana: fungua anwani, tuma, subiri, soma jibu. Yasiyolingana ni yale ambayo hakuna aliyefikiria kuyatazama. Mawasiliano yakikatika katikati, kivinjari kiseme nini? Seva ikijibu bila maneno yoyote, je? Chombo kile kile kikitumwa mara ya pili? Ukurasa ukifungwa jibu likiwa njiani? Kila timu ilijijibia peke yake, na majibu yakatofautiana.

Tofauti hizo zingeweza kulala miaka mingi bila kumsumbua mtu, kama Google isingetoa Gmail tarehe 1 Aprili 2004. Ilikuwa barua pepe iliyofunguka mara moja, kisha kila ujumbe ukatokea pale pale. Desemba mwaka huo ikaja Google Suggest, iliyopendekeza maneno kila herufi inapochapwa. Februari 2005 ikaja Google Maps, ramani inayoburutwa kwa kipanya na vipande vyake vikajiongeza vyenyewe pembeni. Siku chache baadaye, tarehe 18 Februari, Jesse James Garrett wa kampuni ya Adaptive Path akachapisha makala akizipa mbinu hizo jina moja: Ajax. Wakubwa wa kampuni, ambao hawakuwahi kusikia habari za XMLHTTP, sasa walikuwa na neno la kuagiza. Kila ofisi iliyokuwa na tovuti ikataka Ajax, na waandishi wa programu wakaanza kuvuna yale yaliyopandwa tangu 1999.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kukipata chombo chenyewe. Programu ilianza kwa kuuliza kama kivinjari kina XMLHttpRequest. Ikikosekana, ilijaribu Msxml2.XMLHTTP, ikishindikana, ilijaribu Microsoft.XMLHTTP, na hiyo nayo ikigoma, ilikata tamaa. Kwenye kampuni nyingi wasimamizi wa kompyuta walikuwa wameizima ActiveX kwa hofu ya virusi, na walikuwa na haki, kwa hiyo ukurasa uliofanya kazi nyumbani ulikufa kazini kwenye Internet Explorer 6 ile ile. Toleo la 7, lililotoka Oktoba 2006, zaidi ya miaka 5 baada ya lile la 6, lilileta XMLHttpRequest isiyotegemea ActiveX. Hata hivyo lilikataa kusoma mafaili yaliyo kwenye kompyuta yenyewe, na kwa sababu hiyo maktaba ya jQuery, kwa matoleo kadhaa, iliendelea kupendelea njia ya zamani hata pale penye njia mpya.

Baada ya kukipata chombo, mpangilio wa amri nao ulikuwa na mitego. Katika Internet Explorer, kulifungua ombi upya kulifuta maagizo ya nini kifanyike jibu likifika. Aliyetoa maagizo kwanza kisha akafungua alipata jibu la kwanza tu. Ombi la pili lilikwenda na kurudi, na hakuna kilichotokea kwenye skrini. Ulipogeuza, ukafungua kwanza na kuagiza baadaye, mambo yalinyooka kote. Anayesoma msimbo wa zamani leo na kuukuta mpangilio huo asiubadilishe kwa kupenda usafi. Kuna pia suala la hatua ya 3, wakati jibu limeanza kuingia lakini halijakamilika: Mozilla ilikuruhusu kusoma yaliyokwisha kufika, Internet Explorer ikarusha kosa. Na kwenye Mozilla, mawasiliano yalipokatika, kule kuuliza tu namba ya hali kulirusha kosa jingine, hivyo programu iliyokuwa ikijaribu kueleza tatizo la kwanza ilianguka kwa tatizo la pili.

Nitaeleza kwa kirefu hitilafu mbili, kwa kuwa ndizo zilizowapotezea watu usiku mwingi.

Chukua ukurasa wa matokeo ya mpira unaouliza seva kila nusu dakika. Kwenye Firefox, kivinjari cha Mozilla, matokeo yanabadilika: 0–0, 1–0, 2–1. Kwenye Internet Explorer yanabaki 0–0 hadi kipenga cha mwisho. Msimbo ni ule ule, seva ni ile ile. Ukiangalia kumbukumbu za seva, maombi ya Firefox yote yamo. Ya Internet Explorer limo moja tu, la kwanza. Mengine hayakutoka kabisa kwenye kompyuta ya msomaji. Kivinjari kilikuwa na nakala ya jibu la kwanza kwenye akiba yake, kikaona anwani ni ile ile, kikalitoa jibu la akiba bila kumuuliza mtu. Wengi waliilaani Microsoft kwa hilo. Ukweli ni kwamba kanuni za HTTP zinamruhusu mpokeaji kukisia muda wa kutunza nakala endapo seva haikusema chochote, na seva nyingi hazikusema chochote. Internet Explorer ilikisia kwa kuvuta upande wake kuliko wenzake.

Dawa iliyoenea ilikuwa kubandika saa ya wakati huo, kwa milisekunde, mwishoni mwa anwani, ili kila ombi lionekane jipya. jQuery iliifanya iwe amri ya neno moja. Dawa hiyo inatibu, lakini inaijaza akiba ya kivinjari nakala ambazo hazitaombwa tena kamwe, na inawaficha wasimamizi wa seva tatizo lao. Dawa ya kweli ilikuwa mstari mmoja kwenye jibu la seva, Cache-Control, unaosema wazi kwamba jibu hili lisitunzwe, au lisitumike kabla ya kuuliza upya. Walioandika mstari huo mapema waliliepuka tatizo kwenye vivinjari vyote kwa mpigo.

Hitilafu ya pili ina namba yake: 1223. Mtumiaji anafuta rekodi. Seva inaifuta, na kwa kuwa haina la kusema inajibu 204, namba inayomaanisha kazi imefanyika na hakuna maneno ya kurudisha. Firefox inasoma 204. Internet Explorer inasoma 1223. Programu inatazama: namba iko nje ya 200 hadi 299, basi ombi limeshindwa, inamwonyesha mtumiaji maandishi mekundu. Mtumiaji anabofya tena, safari hii seva inasema rekodi haipo, na maandishi mekundu yanarudi. Anapiga simu kulalamika kwamba mfumo haufuti, wakati rekodi imekwisha kufutika tangu mara ya kwanza.

Namba 1223 haimo katika orodha yoyote ya HTTP. Ni namba ya ndani ya Windows, ile inayotumika kusema kwamba shughuli imesitishwa na mtumiaji. Mahali fulani kati ya tabaka za Windows, jibu lisilo na maneno lilitafsiriwa kuwa shughuli iliyosimamishwa, na tafsiri hiyo ikapanda juu hadi kwenye JavaScript. Vichwa vya jibu navyo vilipotea njiani. Hakuna fikra makini ambayo ingemfikisha mtu kwenye ukweli huu akiwa amekaa mezani. Ilibidi kuona namba yenyewe, kuitafuta, na kukuta kwamba mtu mwingine ameshaiona. Maktaba zote kubwa zikaweka ndani yake mstari mfupi: ukiona 1223, hesabu kuwa ni 204.

Maktaba hizo zinastahili heshima kuliko zinavyopewa leo. Sam Stephenson alitoa Prototype mwaka 2005. John Resig akatoa jQuery mwaka 2006. Watu huzikumbuka kwa urahisi wa kuandika, lakini sehemu yake ya thamani kubwa ilikuwa yale maelezo mafupi katikati ya msimbo, kila moja likitaja kivinjari, toleo na kasoro, na mara nyingine namba ya taarifa iliyofunguliwa kwa watengenezaji. Ndani ya Prototype mlikuwa na mstari uliolazimisha muunganisho ufungwe baada ya kila ombi kwa matoleo ya Mozilla ya kabla ya 2005, kwa kuwa yalituma urefu usio sahihi wa ombi, na pembeni pameandikwa namba ya taarifa kwenye Bugzilla, daftari la hitilafu la Mozilla: 246651. Aliyeandika hivyo aliwaachia waliokuja baada yake njia ya kuhakiki.

Vifaa vya kuchungulia vilichelewa. Mwanzoni mtu aliweka kisanduku cha ujumbe kwenye kila hatua na kubofya sawa, sawa, sawa, akihesabu kimeishia wapi. Mwaka 2003 Eric Lawrence alitoa Fiddler, programu iliyokaa kati ya kivinjari na mtandao ikaonyesha kila ombi lilivyo. Januari 2006 Joe Hewitt akatoa Firebug kwa Firefox, na hapo kila ombi la chinichini likaonekana mstari kwa mstari, pamoja na vichwa vyake, jibu lake na muda lililochukua. Tangu hapo swali la kwanza la fundi likawa jingine kabisa. Badala ya kuuliza msimbo wangu una kosa gani, akauliza: ombi limetoka? Kama limetoka, limejibiwa kwa namba gani? Kama namba ni sawa, je, jibu limetoka kwenye seva au kwenye akiba? Maswali hayo matatu, kwa mpangilio huo huo, bado ndiyo mwanzo bora.

Hata kifaa cha kuchungulia kiliweza kudanganya. Katika Internet Explorer 8 na 9, chombo cha JavaScript kinachoitwa console kilikuwepo tu baada ya dirisha la mafundi kufunguliwa. Mwandishi akisahau mstari mmoja wa kuandika kwenye console ndani ya sehemu inayopokea jibu, mtumiaji wa kawaida alikwama: ombi lilikwenda, jibu likarudi, programu ikagonga mwamba kwenye mstari huo na kusimama. Fundi akiitwa, akifungua dirisha lake kutazama, kila kitu kilifanya kazi. Akilifunga akaondoka, tatizo lilirudi mara ukurasa ulipofunguliwa kwenye kichupo kipya.

Afrika Mashariki ilikuwa na mitihani yake. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Kenya na Tanzania ilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka. Safari hiyo peke yake hula karibu nusu sekunde hata kama seva haichelewi hata kidogo. Kasoro ambazo msanidi wa California hakuziona kamwe ofisini kwake zilijitokeza huku mchana kweupe. Mtu anachapa “Mo”, kisha “Morogoro”. Maombi mawili yametoka. La pili linajibiwa kwanza, orodha inaonyesha Morogoro, halafu jibu la “Mo” linaingia kwa kuchelewa na kuleta Moshi, Monduli na majina mengine yote. Hakuna kivinjari kilichokosea hapo. Hakuna ahadi popote kwamba majibu yatarudi kwa mpangilio wa maombi. Dawa ni kulipa kila ombi namba na kulitupa jibu lolote lenye namba ya zamani. Waliotaka kulisimamisha ombi la kwanza badala yake walikutana na Firefox iliyotangaza ombi lililosimamishwa kuwa limekamilika.

Internet Explorer 6 na 7 ziliongeza foleni juu ya umbali. Zilifungua miunganisho 2 tu kwa seva moja, kama kanuni za HTTP za mwaka 1999 zilivyoshauri. Ukurasa wenye gumzo, ambao huacha ombi moja likining’inia kungoja ujumbe mpya, ulibaki na muunganisho 1 kwa kazi nyingine zote. Toleo la 8 liliongeza hadi 6, na kurasa zilizodhaniwa kuwa na msimbo mbovu zikapata nafuu bila kuguswa.

Kisha ikaja Opera Mini, iliyozinduliwa dunia nzima Januari 2006, na ndiyo iliyowafikisha watu wengi wa kwetu kwenye wavuti kwa mara ya kwanza, kwa simu ndogo za vitufe. Kurasa hazikuchakatwa kwenye simu. Seva za Opera zilizipakia, zikaendesha JavaScript kwa sekunde chache, zikasimamisha kila kitu, zikabana matokeo na kuyatuma. Ombi la chinichini lililojibiwa ndani ya sekunde hizo liliingia kwenye picha, lililochelewa halikuonekana. Tovuti iliyotuma ukurasa mtupu kwa matumaini kwamba Ajax itaujaza baadaye ilimwonyesha mwenye simu neno “inapakia” hadi anachoka. Iliyotuma maudhui kamili kwanza, kisha ikatumia maombi ya chinichini kuongeza wepesi tu, ilisomeka kote. Naamini hao wa pili ndio walioielewa kazi hii vizuri kuliko wote, na ushauri wao haujachakaa.

Wakati huo huo kazi ya kuunda kiwango ilikuwa imeanza. Aprili 2006 taasisi ya W3C ilitoa rasimu ya kwanza ya kiwango cha XMLHttpRequest, na mtu aliyeibeba kazi hiyo kwa miaka mingi ni Anne van Kesteren, wakati huo akiwa Opera. Ilikuwa kazi ya unyenyekevu. Hakuanza na ukurasa mtupu akabuni chombo kizuri; alianza na vivinjari vinne vyenye mazoea manne, akavijaribu jambo kwa jambo, akaandika ni tabia ipi ibaki na nani abadilike. Hatua 5, kutoka 0 hadi 4, zilibaki kama Microsoft ilivyoziweka. Jina nalo lilibaki vile vile, hata mchanganyiko wake wa herufi kubwa na ndogo, kwa sababu mamilioni ya kurasa yalikuwa tayari yanalitumia.

Kiwango hakikumaliza ugomvi pale ambapo kampuni ziliamua kwenda peke yake. Kwa usalama wa watumiaji, ukurasa wa tovuti moja haukuruhusiwa kusoma majibu ya seva ya tovuti nyingine. Utaratibu wa CORS uliruhusu seva yenyewe kutamka ni nani anayekubaliwa, na Firefox 3.5 na Safari 4 ziliupokea mwaka 2009 ndani ya XMLHttpRequest ile ile. Microsoft, katika Internet Explorer 8 ya mwaka huo huo, ilitengeneza chombo kingine, XDomainRequest. Kilikubali njia 2 tu za kuomba, GET na POST. Hakikutuma vidakuzi, kwa hiyo mtu aliyeingia kwa nenosiri alionekana mgeni. Hakikuruhusu ukurasa wa https kuita anwani ya http, wala kinyume chake. Na katika toleo la 9 kilikuwa na tabia ya kuyakatisha maombi katikati bila neno lolote, isipokuwa kama mwandishi amekipa maagizo ya kufuatilia maendeleo ya ombi, hata maagizo matupu yasiyofanya kitu. Mistari hiyo mitupu ilienea duniani kote, na kila aliyeifuta kwa kudhani ni uchafu aliirudisha. Internet Explorer 10 ya mwaka 2012 hatimaye ilifuata njia ya wenzake.

Mwaka huo huo zamu ya kukosea ilikuwa ya Apple. Septemba 2012 ilitoka iOS 6, na Safari yake ikaanza kutunza kwenye akiba hata majibu ya POST. POST ndiyo njia ya kutuma fomu, kulipa, kusajili. Kanuni zilisema wazi kwamba jibu lake lisitunzwe isipokuwa seva imeruhusu. Programu iliyotuma maombi mawili yanayofanana ilipata jibu la kwanza mara mbili, na seva haikuliona la pili. Mwenye iPhone aliona “imehifadhiwa” wakati hakuna kilichohifadhiwa. Kati ya kasoro zote nilizozitaja, hii ndiyo naiona mbaya kuliko zote, kwa kuwa nyingine zilionyesha kosa au kimya, na hii ilionyesha mafanikio. Walionusurika ni wale ambao seva zao zilikuwa tayari zinatuma ule mstari wa Cache-Control.

Mrithi wa XMLHttpRequest anaitwa Fetch. Chrome ilimpokea Aprili 2015, Firefox Julai mwaka huo, Safari Machi 2017. Mara hii kiwango kiliandikwa kabla ya vivinjari kukitekeleza, na van Kesteren alikuwa tena miongoni mwa waandishi. Tofauti hazikwisha kabisa. Mwanzoni Fetch haikutuma vidakuzi bila kuambiwa. Agosti 2017 kiwango kikabadilishwa ili ivitume kwa seva ya tovuti yenyewe, na kwa muda fulani msimbo ule ule ulimtambua mtumiaji kwenye kivinjari kipya na kumtoa nje kwenye cha zamani. Aliyeandika wazi kama anataka vidakuzi vitumwe au visitumwe hakuguswa na mabadiliko hayo.

Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft iliacha kuitunza Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10. XMLHttpRequest yenyewe ingali ndani ya kila kivinjari, na kiwango chake kinatunzwa na kundi la WHATWG pamoja na majaribio ya wazi yanayoendeshwa kwenye Chrome, Firefox na Safari. Majaribio hayo huongezwa na watu wa kawaida. Kwa hiyo msomaji unayeandika programu Dodoma, Kisumu au Goma, ukikuta ombi linalofaulu kwenye kivinjari kimoja na kugoma kwenye kingine, usiishie kubandika kiraka. Tengeneza ukurasa mdogo kabisa unaoonyesha kasoro hiyo, andika toleo la kivinjari, aina ya simu na mtandao uliotumia, kisha upeleke taarifa kwenye Bugzilla ya Mozilla, ya WebKit (injini ya Safari), au kwenye orodha ya Chromium (msingi wa Chrome). Kufungua akaunti ni bure, na simu zinazotumika kwetu pamoja na mitandao yetu ni vitu ambavyo wahandisi wa vivinjari hivyo hawanavyo mezani.